Msizitazame Taa, Tazameni Hesabu

Nilizungumza maneno haya mjini Iringa, mbele ya maafisa TEHAMA na wanafunzi wa mwaka wa mwisho kutoka mikoa ya Nyanda za Juu Kusini. Nimeyaandika upya kutoka kwenye rekodi ya simu. Vicheko nimeviacha ukumbini.

Kamwene!

Ahsanteni. Na wale tuliotoka Mbeya, mugonile. Mbona sauti zenu hazina nguvu? Basi la alfajiri limewachosha.

Mshereheshaji amenitaja kwa vyeo vyangu vyote, ila amesahau jina ninaloitwa kazini. Kazini naitwa Mama Swichi. Vijana wangu ndio walionipa, kwa sababu jambo lolote likiharibika, hata printa ikimeza karatasi, swali langu la kwanza ni lilelile: swichi inasemaje? Wanacheka. Mimi nimeshazoea.

Kelele hii inayonilazimu kupaza sauti ni feni za hizi swichi mbili mezani, mashine zinazogawa njia za data. Zote zimestaafu kazi, nimezibeba kutoka nyumbani zikiwa zimefungwa kwenye blanketi. Swichi ya juu imeunganishwa na seva ndogo, ya chini imeunganishwa na kabati la diski, na zenyewe kwa zenyewe zimeunganishwa kwa kebo moja ya faiba. Data inapita tangu saa mbili. Saa tatu kamili, mshereheshaji akiwa amesimama pembeni yangu kama shahidi, nilifuta kaunta zote zikaanza upya kwenye sifuri. Na kebo moja kati ya hizi nimeiharibu kwa makusudi. Siwaambii ipi. Taa za poti zote, yaani matundu ya kuchomekea kebo, kama mnavyoona, ni za kijani. Tutazirudia kabla ya chai.

Nikisema kaunta, wale mliofikiria ile ya baa za Mwanjelwa kule Mbeya, yenye viti virefu, subirini jioni. Nazungumzia tarakimu ambazo swichi huzihesabu yenyewe, usiku na mchana, bila kuombwa: fremu ngapi, yaani vifurushi vidogo vya data, zimepita, ngapi zimefika zimeharibika, kiungo kimekatika mara ngapi. Hotuba yangu yote leo inazihusu hizo.

Kwa vijana ambao hawajakutana na kitu hiki, nieleze kwa ufupi. Seva yenye diski tumboni mwake mnaijua. Sasa zitoe diski zote, ziweke kwenye kabati moja, kisha seva zote ziende pale kuweka na kuchukua. Barabara kati ya seva na kabati ndiyo mtandao wa hifadhi, ambao sisi tunauita SAN, na kwenye njia panda zake ndiko swichi zinakokaa. Sehemu nyingi hutumia Faiba Chaneli, kiwango kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1994, ambacho mwendo wake umekuwa ukiongezeka mara mbili kila kizazi: gigabiti 1 kwa sekunde, 2, 4, 8, 16, 32, kisha 64. Hizi zangu ni za 8. Wazee wenzangu.

Tofauti yake na mtandao wa ofisini ni hii. Mtandao wa ofisini ukijaa, swichi inadondosha pakiti, kompyuta inatuma tena, wewe unaona video imesita kidogo basi. Diski haina uvumilivu huo. Kwa hiyo Faiba Chaneli ilitengenezwa isidondoshe fremu kwa sababu ya kujaa. Fremu haitoki mlangoni mpaka anayepokea awe ameshatoa nafasi.

Mliofika Ubaruku kule Mbarali wakati wa mavuno mmeona foleni za mpunga kwenye mashine za kukoboa. Tuseme uwanja wa mashine unatosha matrekta 8, na mlinzi wa getini ana vibao 8. Kila trekta likiingia linachukua kibao. Likishashusha, kibao kinarudi getini. Vibao vikiisha, trekta la tisa linazima injini na kungoja. Hakuna gunia linalomwagwa barabarani. Vibao hivyo ndivyo krediti za poti, na swichi ina kaunta inayopima poti imekaa muda gani bila kibao hata kimoja, wakati ina mzigo wa kutuma. Kwenye swichi za chapa ya Brocade kaunta hiyo inahesabu vipande vya maikrosekunde 2.5, kwa hiyo msishtuke mkiona tarakimu ndefu. Itazameni inakua kwa kasi gani.

Huo utaratibu ni mzuri, lakini una gharama yake, na gharama hiyo watu wa Iringa mnaijua kuliko mtu yeyote kwenye hii nchi. Lori moja likikata ekseli pale Mlima Kitonga, nani anapita? Basi la Mbeya linasimama. Gari la nyanya la Ilula linasimama. Mtu anayekwenda zake kwenye msiba, ambaye hana uhusiano wowote na lile lori, naye anasimama. Barabara mbele ni tupu kabisa, ila huwezi kuifikia.

Kwetu lori hilo lilikuwa seva ya zamani ya chelezo, ile inayotunza nakala za akiba. Poti yake ilikuwa ya gigabiti 4, maana yake inameza kama megabaiti 400 kwa sekunde. Kabati la diski lilikuwa la gigabiti 16, linaweza kumwaga megabaiti 1,600. Chelezo ikianza saa sita usiku, seva ile inaagiza data nyingi kuliko inavyoweza kumeza, vibao vinaisha, foleni inarudi nyuma mpaka kwenye kebo inayounganisha swichi na swichi, na hapo kila anayeitumia kebo ile anasimama. Watu wa zamu ya usiku walilalamika kwamba mfumo wao unalala saa sita. Mfumo wao ulikuwa kwenye seva nyingine kabisa, mpya, ya bei mbaya. Tuliipima ile seva mpya wiki mbili. Ilikuwa nzima kama yai. Nilipokuja kutazama kaunta ya vibao, jibu lilikuwa limeandikwa pale siku zote. Hakuna kosa hata moja lililohesabiwa, hakuna kebo mbovu. Foleni tu.

Sasa niwasimulie siku niliyopata akili. Ilikuwa taasisi moja ya kanda yetu hii, jina lake halina kazi leo. Mwezi wa pili, mvua zimechanganya. Jumatatu asubuhi mfumo ukawa mzito. Naomba mlisikie neno hilo: mzito. Kitu kikifa, kila mtu anakiona. Kitu kikiwa kizito, kila mtu anamwona jirani yake. Mtu wa hifadhidata akasema diski zimechoka. Mtu wa diski akasema maswali ya hifadhidata yameandikwa vibaya. Mkuu akauliza diski mpya ni shilingi ngapi. Mimi nikaenda chumba cha seva, nikasimama mbele ya raki, kabati linaloshika seva na swichi, nikatazama taa. Kijani, kijani, kijani. Nikarudi nikatangaza mtandao uko salama.

Nilikuwa nasema uongo, na sikujua. Taa ya kijani inakuambia kwamba ncha mbili zimekubaliana mwendo na zinasikiana. Kwamba zinachosikia ni sahihi, haikuambii.

Mchana ndipo nikaingia kwenye swichi, nikaandika porterrshow, amri ya kuonyesha makosa ya kila poti. Nikakutana na ukuta wa tarakimu. Karibu kila poti ilikuwa na kitu. Poti moja ilikuwa na makosa yanayokaribia milioni tatu, nikasema huyu hapa mwizi. Tukabadilisha kebo yake, mfumo ukabaki mzito vilevile. Kumbe yale makosa yalikuwa ya miaka miwili nyuma, siku tuliyohama chumba na kuchomoa kila kitu huku umeme umewashwa. Kaunta haiandiki tarehe. Inajumlisha tu tangu ilipofutwa mara ya mwisho, na zetu hazikuwahi kufutwa. Tulikuwa na swichi inayosema ukweli tangu siku iliyowashwa, na hatukuwa na namna ya kujua ni ukweli wa lini.

Ikabidi nizifute na kusubiri. Saa nzima, mkuu akiwa amekaa pale kwenye kiti. Saa ilipotimia, ile poti ya milioni tatu ilikuwa sifuri. Poti nyingine, ambayo asubuhi hata sikuitazama kwa udogo wa tarakimu zake, ilikuwa imetoka sifuri mpaka 38.

Mtauliza, 38 kwa saa nzima, kati ya mamilioni ya fremu, inaweza kulemaza mfumo? Inaweza. Fremu iliyoharibika hutupwa na anayepokea, na kwenye Faiba Chaneli hakuna anayeituma tena papo hapo. Seva inakaa inangoja jibu la diski mpaka muda uliowekwa uishe. Kwenye mfumo endeshi wa Linux muda wa kawaida ni sekunde 30. Ukipata makosa 38, unaweza kuwa na amri 38 zilizokaa nusu dakika nzima kabla ya kujaribiwa tena, na nyuma ya kila amri kuna mtu ameshika foleni dirishani na karani anamwambia mtandao unasumbua.

Kebo ilikuwa imebanwa na mlango wa raki. Mtu aliyefunga mlango aliona unagoma kidogo, akausukuma na goti. Kuibadilisha ni kazi ya nusu dakika. Mwenzangu alikuwa ameshaishika, vidole viwili, anataka kuichomoa. Sijui nini kilinifanya nimwambie subiri. Nikaenda kwenye seva nikaitazama orodha ya njia zake. Kila seva ya maana huwa na njia mbili kwenda kwenye diski, upande A na upande B, kila upande na swichi zake, hazigusani. Njia za upande B za seva ile zilikuwa zimekufa. Tangu lini? Tukachimba kumbukumbu za seva. Miezi mitano. Miezi mitano inatembea kwa mguu mmoja na hakuna aliyejua, kwa sababu upande A ulibeba kila kitu kimya kimya. Mwenzangu angechomoa ile kebo, tungeizima seva nzima saa nane mchana kwa mikono yetu wenyewe. Tukatengeneza B kwanza. Halafu A.

Tangu siku hiyo nina daftari. Kila Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, nanakili kaunta, naandika tofauti na wiki iliyopita, nafuta, naandika tarehe na saa niliyofuta. Wapo wataalamu wanaosema usifute kamwe, iachie programu ya ufuatiliaji ipige hesabu ya tofauti. Wana haki, kama programu hiyo ipo na inafanya kazi. Sehemu nyingi za kanda yetu nilizopita ama haipo, ama ipo na imekufa tangu aliyeifunga ahamie Dodoma. Daftari halihami.

Mnachotafuta humo ni nini? Jina CRC mtaliona. Ni hesabu ya kuhakiki: anayetuma anaifanya na kuiweka mkiani mwa fremu, anayepokea anairudia, zikipishana fremu imeharibika njiani. Pembeni ya safu hiyo, kwenye swichi za Brocade, kuna nyingine imeandikwa crc g_eof, na wengi wanaipita kama haipo. Hiyo ndiyo naipenda kuliko zote. Swichi ya kwanza kuiona fremu mbovu inaiwekea alama mwishoni kwamba hii nimeshaikamata, kisha inaiachia iende, kwa sababu kichwa chake kilishatangulia kutoka upande wa pili. Swichi inayofuata inaiona fremu ileile, inaihesabu kwenye CRC, lakini ikikuta ile alama haiihesabu kwenye g_eof. Kwa hiyo CRC pamoja na g_eof vikipanda, uharibifu umetokea hapa hapa, kwenye kebo inayoingia poti hii. CRC ikipanda peke yake, huyu amepokea mgonjwa kutoka kwa jirani. Mwacheni, mfuateni jirani. Na kumbukeni kaunta hizi zinahesabu kinachoingia. Mbovu inaweza kuwa kebo, inaweza kuwa SFP ya upande wa pili inayotuma.

SFP ni kile kidude kinachoingia kwenye poti na kugeuza umeme kuwa mwanga. Kiulizeni kinapokea mwanga kiasi gani, kitajibu kwa dBm. Sifuri ni milliwati moja. Kila ikishuka 3, mwanga umebaki nusu. Ikifika hasi 10, imebaki sehemu ya kumi. Mimi naandika kiwango cha kila poti siku ninapoifunga ikiwa safi, kwa sababu hasi 6 peke yake hainiambii kitu, ila hasi 6 kwenye poti iliyokuwa hasi 2 mwezi wa sita inaniambia kuna uchafu au kebo imekunjwa. Mara nyingi ni uchafu. Kuanzia mwezi wa nane mpaka wa kumi vumbi letu mnalijua. Usiifute ncha ya faiba kwa fulana yako. Nimewaona.

Na hewa. Mbeya iko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na wengi tunajidanganya kwamba kwa baridi ya Juni swichi haihitaji kupozwa. Hewa ya milimani ni nyepesi, inabeba joto kidogo kuliko hewa ya Dar es Salaam yenye joto hilohilo. Watengenezaji wengi wanaruhusu mpaka mita 3,000, kwa hiyo hatuvunji sheria, ila feni inafanya kazi zaidi. Kibaya zaidi ni swichi iliyofungwa kinyume. Swichi nyingi za SAN huvuta hewa kutoka upande usio na poti na kuitolea upande wa poti. Ukiifunga kwa kufuata sura, poti zitazame mbele kama swichi ya ofisi, inaweza kuwa inavuta joto la mgongoni mwa seva mwaka mzima. Wekeni mkono muone upepo unatoka wapi.

Radi pia. Faiba ni kioo, haipitishi radi, na watu wakisikia hivyo wanalala. Swichi ina waya wa shaba mwingine zaidi ya ule wa umeme: kebo ya usimamizi. Kwetu radi iliingia kupitia hapo, ikachoma ile poti ndogo ya usimamizi, na swichi ikaendelea kupitisha data kama hakuna kilichotokea. Ikawa bubu. Inafanya kazi, haisemi. Siku tatu tuliishi na swichi tusiyoweza kuiuliza chochote, mpaka tukapata kebo ya konsoli, inayoingia kwenye swichi moja kwa moja bila mtandao, tukaingia kwa mwendo wa biti 9600 kwa sekunde. Kebo hiyo sasa imefungwa kwa kamba kwenye raki, na mtu akiiazima ananiandikia.

Kuhusu ufuatiliaji wa mashine kwa mashine, SNMP, nitasema machache kwa sababu mada ya mchana ni hiyo. Msitegemee arifa peke yake. Arifa inakuja kwa UDP, utumaji usiongoja jibu, kwenye poti ya programu namba 162, si tundu la kebo, haina risiti, na swichi iliyozimika ghafla haitumi arifa ya kifo chake. Iulizeni wenyewe kila baada ya dakika chache. Tumieni toleo la 3, maana yale ya zamani yanapitisha neno la siri wazi, na mara nyingi neno lenyewe ni public. Na mkiweka grafu ya data inayopita, hakikisheni mnasoma kaunta za biti 64. Ya biti 32 inajaa ikifika 4,294,967,296 na kuanza sifuri. Kwa poti ya gigabiti 16 iliyojaa, hesabuni baiti: haifiki sekunde tatu. Unaiuliza kila dakika tano, inakupa namba nzuri tu, grafu inapanda na kushuka, na haina maana yoyote. Nimewahi kuwaonyesha wakubwa grafu kama hiyo kwenye kikao. Walipiga makofi.

Saa nayo ni jambo. Umeme ulikatika usiku, UPS, betri ya akiba, ya raki moja ikashindwa. Mlinzi wetu, mzee makini sana, aliandika kwenye daftari lake: saa nane na robo usiku taa zimezimika. Kumbukumbu za swichi zilisema kiungo kimekatika 23:14. Tukasema basi swichi ilianguka saa tano, umeme ukakatika baadaye sana, kwa hiyo swichi ina ugonjwa wake mwenyewe. Tukaanza kuandika barua ya dhamana. Kijana wa mafunzo, wa chuo, wala hajaajiriwa, akauliza swichi iko kwenye saa za wapi. Ilikuwa kwenye saa za Greenwich. Ongeza tatu, unapata 02:14. Na 02:14 kwa mlinzi ni saa nane na dakika kumi na nne usiku. Mzee alikuwa sahihi kwa tofauti ya dakika moja. Swichi zote, seva zote na kabati la diski zichukue saa kutoka sehemu moja, na mfahamu ni saa za wapi.

Kwenye zoni nina aibu yangu, niseme haraka. Zoni ni orodha ya nani anaruhusiwa kumwona nani. Kila kifaa kina WWN yake, namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 16, na seva mbili zilizonunuliwa siku moja zinaweza kupishana kwenye tarakimu za mwisho tu. Nilidhani nafuta zoni ya seva iliyostaafu. Ilikuwa ya jirani yake. Diski zikapotea kwenye seva iliyo hai kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe. Kilichoniokoa ni kwamba jana yake nilikuwa nimehifadhi usanidi wote kwenye kompyuta nyingine. Dakika kumi, zikarudi. Tangu hapo kila WWN ina jina la mtu wa kawaida kulisoma, kila zoni ina seva moja tu ndani yake, ili kifaa kikiingia au kutoka, taarifa isiwasumbue wasiohusika, na sigusi chochote kabla ya kuhifadhi nakala. Nywila ya kiwandani ibadilisheni siku hiyohiyo mnayofungua boksi, telneti, njia ya zamani ya kuingia kwenye swichi inayopitisha nywila wazi, izimeni. Programu ya ndani ya swichi ikitoka toleo jipya, anzeni upande A, mkae wiki, ndipo muuguse B.

Kuna ndugu kule mbele aliniuliza asubuhi kuhusu kuweka nakala ya diski za Mbeya hapa Iringa, moja kwa moja, kila kinachoandikwa kiandikwe pande zote mbili. Mkongo wa taifa unapita, ndiyo. Lakini piga hesabu. Mwanga ndani ya kioo unatumia kama maikrosekunde 5 kwa kilomita. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 300. Kwenda ni millisekunde 1.5, kwenda na kurudi 3, na uandishi wa kawaida huenda na kurudi mara mbili, kwa hiyo 6, wakati diski za flashi hapo ulipo zinajibu chini ya 1. Halafu vibao: kwa gigabiti 8 unahitaji kama vinne kwa kila kilomita ili barabara isikae tupu. Kilomita 300 ni vibao 1,200. Swichi hizi mezani hazina vingi hivyo kwenye poti moja. Tumeni nakala inayofuata nyuma kwa dakika chache, mtalala vizuri.

Saa nne na dakika kumi. Chai iko tayari, nimeona sinia zikipita. Nasoma kaunta, zimetimiza saa moja na dakika kumi tangu tulipozifuta. Andikeni. Swichi ya juu, poti ya 5, ya seva: CRC 57, g_eof 57. Poti ya 0, inayokwenda chini: sifuri. Swichi ya chini, poti ya 0, inayotoka juu: CRC 57, g_eof sifuri. Poti ya 9, ya kabati la diski: sifuri. Taa zote bado ni za kijani. Kebo nzuri ya akiba hii hapa mkononi. Nani anakuja kubadilisha, na anachomoa ipi?

Alikuja binti mmoja kutoka mstari wa nyuma, mwanafunzi. Alipita swichi ya chini bila kuitazama, akaweka vidole kwenye poti ya 5 ya swichi ya juu. Ukumbi ukaanza kupiga makofi. Hakuchomoa. Aligeuka akaniuliza, "Mama, upande B uko hai?"

Nikamwambia upande B sikuja nao, niliuacha nyumbani Uyole.

"Basi sichomoi," akasema, akarudi kukaa.